Uhakiki wa Istilahi: Je, "Kusambaa" Kunatosha?

Wengi wetu tunapotafsiri matini za sayansi hudhani kazi imekwisha pindi kila istilahi ya Kiingereza inapopata mwenzake wa Kiswahili. Mfano wa usafishaji wa mafuta unaonyesha kwamba sivyo.

Katika viwanda vya kusafisha mafuta, molekuli kubwa za mafuta mazito huvunjwa kuwa petroli kwa msaada wa kichocheo chenye vitundu vidogo mno. Tangu miaka ya 1960 vichocheo hivyo hutumia zeolaiti. Vitundu vya zeolaiti Y vina upana wa takriban nanomita 0.74, ilhali molekuli nyingi za mafuta mazito huzidi nanomita 1. Hizo haziingii. Huvunjwa kwanza katika sehemu za kichocheo zenye matundu mapana zaidi, kisha vipande vyake ndivyo huingia, navyo husonga polepole kwa kugongana na kuta. Mwaka 1939 mhandisi wa Marekani, E. W. Thiele, alionyesha kwamba mwendo huo ukizidiwa kasi na mmenyuko wenyewe, sehemu ya ndani ya chembe ya kichocheo hukaa bure.

Sasa tutazame tafsiri hii: "Molekuli husambaa ndani ya kichocheo." Neno "kichocheo" limefaulu, kwani achocheaye moto huukoleza bila yeye mwenyewe kuteketea. Tatizo ni "husambaa". Kwa msemaji wa kawaida, kusambaa ni kuenea bila kizuizi, kama harufu ya manukato chumbani au habari mjini. Mwanafunzi hatauliza upana wa kitundu una umuhimu gani.

Wapo watakaopendekeza "kupenya". Neno hili linadokeza wembamba wa njia, lakini nalo lina kasoro: apenyaye hukusudia kutokea upande wa pili, ilhali molekuli husukumwa ovyo na joto, mara mbele, mara nyuma. Tutaondoa kosa moja na kuingiza jingine.

Rai yetu ni kwamba "usambaaji" ubaki, kwa kuwa unabeba dhana ya kutoka penye wingi kwenda penye uchache, ila uongezewe mahali: usambaaji vitunduni. Aidha, sentensi inayofuata istilahi hiyo itaje ukubwa wa molekuli na upana wa njia. Tunaposahihisha tafsiri za wanafunzi, tusiishie kukagua orodha ya istilahi. Tujiulize: je, msomaji asiyejua Kiingereza ataelewa kwa nini molekuli kubwa imebaki mlangoni?