Matuta ya Utepe

Sare ya kwaya hujulikana kwa utepe wake. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ambako Jumapili makanisa ya Wakongo, Warundi na Wasudani Kusini hujaa waimbaji, mafundi wengi hupendelea grosigreni, ule utepe mkavu wenye matuta membamba yanayokatiza upana wake. Matuta hayo hutoka kwenye ufumaji wenyewe: nyuzi za mtande, zile za urefu, ni laini na zimebanana, mshindio unaozikatiza ni mnene, hivyo kila mshindio unapopita, mtande huufunika na kuacha tuta. Ndiyo maana utepe huu hausinyai kama satini, na ukiwekwa ndani ya mkanda wa sketi, kiuno hakilegei.

Kuna fundi mmoja kutoka Uvira ambaye napenda kumtazama akiushona. Hukata katikati ya matuta mawili, kamwe si juu ya tuta, kisha huipitisha ncha yake karibu na moto wa mshumaa ili poliesta iyeyuke kidogo na nyuzi zisichomoke. Kingo zote mbili huzishona kwa kuelekea upande mmoja. Nilimwuliza kwa nini asigeuze tu kitambaa akarudi.

"Ukirudi, ndugu yangu, kitambaa kinavutwa huku na utepe unavutwa kule. Utajikunja wote."

Kwenye kona ya kola ndipo ninapomvulia kofia. Huukunja utepe kimshazari, akauinamia, akaanza kuhesabu matuta kwa ncha ya sindano, kwa sababu matuta ya upande huu lazima yakutane na ya upande ule kwenye mkunjo. Likipishana moja tu, jicho huliona hata kutoka viti vya nyuma. Hapo hufumua bila kunung'unika, akaanza upya, halafu akapiga pasi ya makaa juu ya kitambaa kilicholowa, maana pasi ikigusa utepe moja kwa moja huuunguza.

Utepe wa pamba hutii mvuke ukafuata mviringo wa shingo. Wa poliesta hautii. Fundi huutia mikunjo midogo upande wa ndani, mmoja baada ya mwingine, hadi ulale. Robota la utepe lililosafiri kutoka Kitale kupitia Lodwar huuzwa kwa mita, lakini mikunjo hiyo hakuna anayeilipia, na naona ni dhuluma. Wateja wakubali kuongeza bei ya shingo peke yake.