Wimbo na Mwimbaji Wake

Kila ninaposikia watu wakilalamika kwamba intaneti imeua albamu, huikumbuka redio yangu ya kaseti mbili. Niliinunua Mwanza kwa fedha za kahawa, nikaja nayo kwa meli hadi Kemondo, kisha kwa basi hadi Muleba, na kutoka hapo nikaifikisha nyumbani Ijumbi. Upande mmoja ulitia kanda yenye nyimbo, upande wa pili kanda tupu, na baada ya saa moja ulikuwa na kanda mbili zenye nyimbo zile zile. Hakuna aliyeniambia kwamba huo ni wizi. Mimi mwenyewe niliuona ni ufundi, na majirani waliniita fundi.

Kijijini palikuwa na mzee mmoja mpiga enanga. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, enanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa katika kipande cha mti mfano wa kihori, na mpigaji wake si mtumbuizaji tu. Huimba habari za watawala wa kale, vita, mapenzi na misiba, na wasikilizaji hujifunza humo walikotoka. Mzee huyo alikuwa akialikwa harusini, anaketi karibu na mtungi wa rubisi, anaimba hadi usiku wa manane. Hakuwa na tiketi wala bei. Aliyeguswa na maneno aliinuka akamtuza: mmoja noti, mwingine kibuyu cha pombe, mwingine akaahidi mkungu wa ndizi na asubuhi akautuma kweli.

Usiku mmoja nilimwomba nimrekodi. Alikubali kwa furaha, hata akajisafisha koo mara mbili kabla ya kuanza. Kanda ile niliirudufu kwa ajili ya rafiki mmoja, kisha wawili, kisha kwa yeyote aliyeleta kanda tupu na fedha kidogo. Nilisikia inapigwa katika vilabu vya pombe hadi Kamachumu. Nilijivuna kwamba nimemfanya mzee wetu ajulikane.

Mwaka uliofuata alikuja nyumbani. Baada ya salamu na kahawa ya kutafuna, aliniambia kwamba harusi tatu zimepita jirani naye bila kuitwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwa adabu kabisa, "Waitu, tunayo kanda." Kisha akanitazama na kuniuliza, "Mwanangu, yule mzee uliyemfungia ndani ya kanda, yeye anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelibeba swali lile miaka yote hii, na ndilo ninalotaka kulitumia hapa kuyapima malalamiko ya siku hizi.

Malalamiko yenyewe yanajulikana. Husemwa kwamba zamani msanii alitoa albamu, watu wakanunua, naye akaishi. Ikaja intaneti, nyimbo zikaanza kuvuja kabla ya siku yake, na soko likafa. Nusu ya pili ina ukweli. Napster ilipoanza Marekani mwaka 1999, mamilioni ya watu walianza kupeana nyimbo bila kulipa, na mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalishuka hadi katikati ya miaka ya 2010. Lakini hata hapo kuvuja peke yake hakuelezi kila kitu. Nyimbo za albamu ya Kid A ya Radiohead zilizagaa Napster majuma kadhaa kabla haijatoka Oktoba 2000, na bado ilipotoka ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Marekani. Kizuri chajiuza, hata kikiwa kimekwisha kuonjwa.

Nusu ya kwanza ndiyo inayonitia shaka, maana kwetu zamani hiyo sikuiona. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi zetu nyingi za dansi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na zilizotaka santuri zilitazama Nairobi. Huko Nairobi, mtaa wa River Road ulijulikana kwa studio na maduka ya muziki, na ulijulikana vile vile kwa kanda za bandia. Baadaye, kizazi cha Bongo Fleva kilipopeleka kazi zake kwa wasambazaji wa Kariakoo, mara nyingi msanii alikabidhi kanda mama, akapokea fedha, akaondoka. Kanda ngapi zilichapwa baada ya hapo, hakuwa na njia ya kuhesabu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na kutokana nayo ikaja COSOTA. Stempu za kodi juu ya kazi za muziki na filamu zilianza mwaka 2013, wakati vijana wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye simu na kadi za kumbukumbu. Kwa hiyo tunapolia kwamba albamu imekufa, tukiri kwamba wasanii wetu wengi hawakuwahi kula matunda yake ilipokuwa hai.

Mfano wa nyumbani ni Saida Karoli. Albamu yake ya Maria Salome, iliyotoka mwaka 2001, ilifanya jambo ambalo sisi wa Kagera hatukulitarajia: watu wasiojua neno moja la Kihaya, kutoka Pwani hadi Kigoma, waliimba wimbo ule ambao wengi waliujua kwa jina la Chambua Kama Karanga. Nikiupima kama msikilizaji, nguvu yake haikutoka kwenye mitambo. Ilitoka kwenye ngoma iliyotembea kwa mwendo wa nyumbani bila kuomba radhi, na kwenye sauti nyembamba iliyokaa juu ya ngoma hiyo kana kwamba mwimbaji anazungumza na mtu mmoja tu. Hapa Ijumbi niliusikia kwanza kutoka kwenye kanda iliyorudufiwa kwa mara ya tatu au ya nne, ikivuma kama mvua juu ya bati. Nakiri kwamba bila kanda hizo mbovu wengi wetu tusingemsikia mapema. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya wimbo huo kwa jina la Salome, ukatazamwa na mamilioni katika YouTube. Wimbo haukufa. Umetembea mbali kuliko mtu yeyote wa kwetu. Swali la mzee linabaki pale pale: ukitembea hivyo, humrudishia nini aliyeuzaa?

Watetezi wa nyimbo za bure hunijibu kwamba wimbo ulikuwa wa wote tangu zama za mababu, na kwamba hakimiliki ni mambo ya kigeni. Hoja hii inavutia, lakini ina pengo. Ni kweli kwamba hakuna aliyemzuia mwingine kuimba wimbo wa enanga. Lakini aliyeutaka wimbo ilimbidi amwite mwimbaji, na aliyemwita alijua kwamba mkono mtupu haulambwi. Bure ile ilikuwa na malipo ndani yake. Kanda iliubeba wimbo ikamwacha mwimbaji nyumbani, na kadi ya kumbukumbu imefanya vivyo hivyo kwa kasi zaidi. Kwangu mimi kosa haliko katika kunakili. Kosa ni kutenganisha wimbo na aliyeuimba, kisha kusahau kumpelekea fungu lake.

Siku hizi wako wanaosikiliza kupitia Boomplay na huduma nyingine, na Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni. Hizo ni hatua za kweli, nami nazisifu. Hata hivyo zinamfaa zaidi mwenye kusikilizwa mara nyingi mno. Mwanamuziki wa mjini hujazia kwa maonyesho na matangazo ya biashara. Mpiga enanga wa Muleba, ambaye wasikilizaji wake ni vijiji vichache, atahesabiwa wapi?

Mzee wetu amekwisha kufariki. Miaka michache iliyopita wajukuu zake walikuja kwangu. Walikuwa wamesikia kwamba nina sauti ya babu, na kwao hapakuwa na hata picha. Nilitafuta kanda ile ndani ya sanduku, nikaipeleka kwa kijana mmoja Muleba mwenye kompyuta, akaihamishia kwenye simu zao. Waliisikiliza wamesimama uani kwangu, na kabla wimbo haujaanza ilisikika sauti yake akijisafisha koo, mara mbili.

Kanda ile ile iliyomnyima mialiko ndiyo iliyohifadhi sauti yake. Sijui namna ya kulipatanisha jambo hilo, wala sijaribu tena. Wajukuu waliniuliza bei. Niliwaambia kwamba nilikwisha kulipwa zamani, na kwamba deni ni langu.