Weka Ukucha Kwenye Kiwiko

Wiki iliyopita nilikuta watu wamemzunguka kijana mmoja kijiweni Moshi. Baiskeli ya gia, iliyokatika spoki upande wa friwili, ilikuwa imepinduliwa, imekalia siti na usukani, na gurudumu la nyuma linazunguka katikati ya breki bila kugusa popote. "Fundi mkali huyu!" wakasema, na mwenye baiskeli akalipa huku anacheka. Nikapitisha kidole kwenye spoki. Moja ililia ting, jirani yake ya upande uleule ikajibu du. Nilinyamaza, na ninajuta, maana siku ya nne mwenye baiskeli alirudi anaikokota. Spoki nyingine ilikuwa imekatika, upande uleule wa friwili, palepale kwenye kiwiko.

Tuache kusifu ringi kwa kuwa imenyooka. Mtu yeyote mwenye spana ya spoki anaweza kukunyooshea ringi kwa dakika 10. Namjua fundi aliyejipatia jina kwa kazi hiyo: ringi ikielemea kulia analegeza za kulia, ikielemea kushoto analegeza za kushoto. Jioni gurudumu limenyooka kama uzi, na limelegea lote. Wateja walirudi kila wiki, naye akawauzia spoki mojamoja. Mimi huo nauita wizi.

Gurudumu husikilizwa. Gonga spoki za upande mmoja kwa msumari, milio ifanane. Za upande wa friwili zitalia juu kuliko za kushoto, kwa kuwa zimesimama wima zaidi na zimevutwa zaidi, na hilo ni sawa. Lakini upande mmoja ukitoa sauti tatu, ujue spoki chache zinabeba mzigo wa wenzao.

Sasa kiwiko, ambacho sijawahi kuona mteja akikikagua. Pale spoki inapotoka kwenye tundu la habu na kupinda, weka ukucha. Ukipenya kati ya spoki na habu, gurudumu hilo halijaisha kusukwa. Watu hulaumu mkungu wa ndizi kwenye keria, lakini kinachokata spoki ni kuchezacheza. Kila gurudumu linapozunguka, spoki iliyofika chini hulegea kidogo, ikipanda hukazika tena. Gurudumu la inchi 26 huzunguka kama mara 480 kwa kilometa moja. Ukienda kilometa 20 ni karibu mara 10,000. Kiwiko kinachoning'inia hewani hupinda na kunyooka mara zote hizo, kama waya unaoukata kwa mikono kwa kuukunja huku na huku. Chukua kipande kilichokatika, kitazame juani: sehemu kubwa ya jeraha ni laini na imefifia, huo ni ufa uliotembea wiki nyingi, pembeni kuna kijisehemu chenye chembechembe zinazong'aa, hicho ndicho cha leo. Kwa hiyo kubadilisha moja hakusaidii, wenzake wameshachoka vilevile. Zikikatika tatu upande mmoja, ng'oa za upande huo zote.

Mzee aliyenifunza kazi alikuwa na dole gumba lenye sugu kama kisigino. Akishasuka, alilaza kila kiwiko kwa dole hilo mpaka kikumbatie habu. Akishakaza, alishika spoki mbilimbili zinazokwenda sambamba akazikamua kwa nguvu zote, kuzunguka gurudumu zima, nazo zikawa zinatoa krr, krr. Kunyoosha kulikuja mwisho. Miaka mingi baadaye nilikuta Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, ameeleza ukamuaji huohuo katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha 1981. Mzee alikuwa na mikono yake tu.

Spoki ikikatika katikati, usimlaumu msukaji. Angalia kama cheni iliangukia nyuma ya friwili ikazikwangua. Ikikatika kwenye nati, iliingia kwenye ringi kwa pembe mbaya. Spoki nyeusi siziweki. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya mzigo ni spoki 36, pungufu ya hapo ni pambo. Spoki iliyopunguzwa unene katikati ni bora kuliko nene kote, maana tumbo lake huvutika na kukipumzisha kiwiko. Wauza vipuri watakubishia, usiwasikilize.

Zile Raleigh nyeusi za baba zetu zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na ringi ya nyuma imekaa katikati, pande zote zikivuta sawa. Zilibeba gunia la mahindi na mtoto juu yake. Leo tumeisogeza ringi kuzipisha gia saba, nane, na upande mmoja ukabaki na kazi ngumu. Fundi wa sasa anahitaji dole gumba la mzee kuliko mzee mwenyewe alivyolihitaji.

Jana nilimfuata yule kijana. "Mwanangu, weka ukucha hapa." Akauweka, ukazama wote. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Shikamoo mzee," salamu aliyoisahau nilipofika, kisha akachukua spana na kuanza kufungua nati za upande wa kulia, moja baada ya nyingine.