Laing ya Bicol na Hikima ya Kutokoroga

Katika nchi ya Bicol, iliyo kwenye ncha ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Luzon huko Ufilipino, ambako minazi imeenea tangu ufukweni hata chini ya mlima wa moto wa Mayon, chakula cha nyumbani aghalabu hakikosi tui wala pilipili. Wageni wengi huijua zaidi Bicol Express, mchuzi wa nyama ya nguruwe uliopewa jina la garimoshi lililokuwa likienda huko kutoka Manila. Ni mtamu, walakini hauna jambo la kumtatiza mpishi. Laing ndiyo yenye mambo, kwa kuwa majani ya majimbi, nazi, tangawizi na uduvi ni vitu ambavyo mpishi wa mwambao wetu amevizoea tangu utotoni, ilhali namna vinavyokutanishwa chunguni inapingana na karibu yote aliyofundishwa na mama yake.

Tuanze na majani. Jani bichi la jimbi lina chembe za kalsiamu oksaleti, nyembamba na zenye ncha mithili ya sindano, ambazo huchoma ulimi na kuwasha koo la mlaji. Kwa sababu hiyo Wabicol huyakausha majani hata yakavunjika mkononi, kisha huyapika kwa moto wa taratibu muda mrefu. Gramu 100 za majani makavu, yaliyoondolewa vikonyo vigumu, huwatosha watu sita, ingawa yakitiwa sufuriani huinuka hadi ukingoni na kumtia mpishi mgeni wasiwasi kwamba amepita kiasi. Asiyapunguze; baada ya nusu saa yatakuwa yamenywea.

Nazi tatu zilizokunwa kwa mbuzi hukamuliwa kwanza kwa maji kidogo sana, zikatoa vikombe viwili hivi vya kasimile, ambayo huwekwa kando. Kisha chicha hutiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa tena katika kifumbu, likapatikana tui jepesi la vikombe vinne. Tui hili la pili ndilo linalotangulia motoni, pamoja na kitunguu saumu, kitunguu maji, tangawizi iliyopondwa, vijiko viwili vya bagoong, yaani uduvi uliochachushwa kwa chumvi, na nyama ya nguruwe au, kwa nyumba zisizoila, samaki mkavu au kamba. Uduvi wetu mkavu ukitwangwa na chumvi hufaa pasipo na bagoong, ila utapungukiwa na ule ukali wa uchachu unaokata unono wa nazi. Majani humwagwa juu ya yote, yakakandamizwa kidogo kwa mgongo wa mwiko, na mwiko ukawekwa chini.

Hapa ndipo penye ubishi. Sisi tumelelewa kulikoroga tui pasi na kupumzika mpaka lichemke, lisije likakatika. Mbicol humkataza mtu kugusa chungu kabla majani hayajalegea, akidai kwamba anayekoroga mapema ataila laing inayowasha. Kwa maoni yangu mwiko hauna uwezo wa kuzaa muwasho ambao haukuwamo. Lakini mkono usiotulia huyainua majani juu ya tui, yakabaki nusu makavu na nusu mabichi, ilhali yakiachwa hulowa kwa utaratibu kutoka chini na kupata mvuke kutoka pande zote. Amri ni sahihi, hata kama sababu inayotolewa haitoshi.

Na huko kukatika kwa tui tunakokuogopa, wao wanakutaka. Tui ni mafuta yaliyotawanyika majini na kuzuiliwa humo na protini. Moto ukidumu, protini hugandamana, maji hupungua, na mafuta hujitenga. Kasimile inapoongezwa mwishoni, majani yamekwisha kulainika na kuyanywa maji yote, basi mafuta yake hayana pa kukimbilia ila kwenye majani yenyewe. Wakati huo hutiwa pilipili, hasa siling labuyo, ndogo na kali kama pilipili kichaa yetu. Kiini cha ukali wake, kapsaisini, huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Kwa hiyo ukali wa laing hauchomi kwa ghafla kama ule wa mchuzi wa maji, bali huenea kinywani polepole na kukaa.

Hii ndiyo sababu siwashauri watu tui la kopo kwa hatua ya mwisho. Mengi ya hayo hutiwa vitu vya kuyashika mafuta yasijitenge, jambo jema dukani lakini baya hapa, kwani laing itabaki nyeupe na chepechepe hata ikikaa motoni hadi majani yaungue. Kwa tui la kwanza kuingia, kopo lililozimuliwa kwa maji halina madhara makubwa.

Chungu huepuliwa mafuta yanapoonekana kandokando na mchuzi hautiririki tena ukiinua kijiko. Laing huliwa kwa wali mweupe, maana wali wa nazi juu yake ni israfu, na iliyolala huwa tamu zaidi, mradi ipashwe kwa moto mdogo.