Uhakiki wa Dodoso la Dalili: Mgonjwa wa Awindiri Anaulizwa Nini?

Walimu na wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Katika toleo hili tunahakiki matini ya aina nyingine, yaani dodoso ambalo mgonjwa hulijibu mwenyewe ili kueleza dalili zake. Matini hii ni fupi, lakini jibu lake linaweza kuamua kiasi cha dawa atakachopewa.

Dodoso lenyewe ni la Chama cha Tiba Shufaa Afrika (APCA), chenye makao yake Kampala. Utungaji wake ulielezwa mwaka 2007, na utafiti wa kulithibitisha ukachapishwa 2010. Lina maswali 10: 7 ya mgonjwa na 3 ya ndugu anayemuuguza. Majibu huanzia 0 hadi 5, na asiyejua kusoma hujibu kwa mkono: ngumi ni 0, vidole vyote ni 5. Hapa watungaji wanastahili pongezi, kwani mkono hauhitaji shule. Nchini Uganda, ambako tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuandika mofini ya kunywa, vidole hivyo vina uzito mkubwa.

Hata hivyo, tunaona kasoro mbili. Ya kwanza ni mwelekeo wa majibu. Katika swali la maumivu, vidole vitano ni hali mbaya kabisa. Katika swali la utulivu wa moyo, vidole vitano ni hali njema kabisa. Mwalimu yeyote anayetunga mtihani anajua kwamba kugeuza maana ya alama katikati ya karatasi humchanganya hata mwanafunzi mzima wa afya, sembuse mgonjwa mahututi.

Kasoro ya pili inajitokeza katika tafsiri. Tuchukue mfano wa Awindiri, mjini Arua. Hapo Kilugbara hukutana na Kikakwa cha Koboko na Kinubi, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya askari na ya barabara iendayo Kongo. Dodoso liliandikwa kwanza kwa Kiingereza, nalo huuliza kama mgonjwa amekuwa na amani. Katika eneo ambalo watu walikimbilia Zaire na Sudan baada ya vita vya 1979, swali "Je, umekuwa na amani?" laweza kusikika kama swali la bunduki. Mgonjwa atainua vidole vitano kwa sababu mtaa umetulia, ilhali moyo wake haujatulia. Vivyo hivyo, "wasiwasi" kwa wengine ni shaka, na kwa Mwislamu ni mnong'ono wa shetani. Anayeteseka moyoni huenda akasema tu, "Nina mawazo."

Kuirudisha tafsiri katika Kiingereza hakutoshi kugundua kosa hili. Msomi ataligeuza neno "amani" bila shida, na karatasi mbili zitalingana. Kinachohitajika ni kumwomba mgonjwa alirudie swali kwa maneno yake mwenyewe.

Huko China, Wang Qi na wenzake walipotunga dodoso la maswali 60 linalowagawa watu katika aina 9 za maumbile ya mwili, walianzia katika dhana za tiba yao ya jadi, kama vile ubaridi na unyevu wa mwili. Lugha yetu nayo ina hazina kama hiyo: anayesema ana baridi yabisi anazungumzia viungo vinavyouma, si hali ya hewa. Ubora wa dodoso la Wang Qi kitabibu tunawaachia matabibu. Sisi tunasifu mahali walipoanzia.

Kwa hiyo tunatoa rai kwamba idara za Kiswahili zishirikishwe tangu maswali yanapotungwa, badala ya kuitwa mwishoni kusahihisha tahajia. Nao wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wayakusanye maneno ambayo wagonjwa wa Arua na Koboko huyatumia kueleza maumivu. Swali likikosewa, hesabu sahihi haitaliponya.