Kitabu cha Msitu, na Sisi Wakulima

Mwaka 1961 Mwingereza mmoja, Colin Turnbull, alitoa kitabu kiitwacho The Forest People. Ni habari za Wambuti wa Epulu, katika msitu wa Ituri, jirani zetu sisi wa Beni na Butembo. Watu wengi wa Ulaya wameujua msitu huu kwa njia ya kitabu hicho. Basi yafaa nasi tukipime.

Kwanza tukisifu. Turnbull alilala katika vibanda vya majani, akafuatana na wawindaji wenye nyavu. Atuonyesha Wambuti wakiuita msitu baba na mama, kwa kuwa huwapa chakula na malazi. Mabaya yakiwapata, huuimbia usiku ili uamke, kwani husema umelala ukawasahau watoto wake.

Siku moja alimpeleka kijana Kenge mbugani, karibu na Ziwa Edward, ndani ya Parki Albert iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo leo yaitwa Virunga. Kenge alipowaona nyati kwa mbali, aliuliza ni wadudu gani wale. Asimcheke mtu. Macho yake yalizoea miti ya karibu. Kila taifa lina macho yake.

Hapo ndipo ninapoona kosa la kitabu. Mbuti amepewa mapendo yote. Mwanakijiji amepewa hofu na uchawi, naye auona msitu kama adui wa kukatwa. Wanakijiji wale si Wanande, lakini hukumu hiyo yatugusa wakulima wote. Je, mkulima hapendi majani mabichi? Itazame migomba nyuma ya nyumba zetu, na maharagwe yaliyopandwa mpaka juu ya vilima. Mbuti hupenda alichokikuta. Mkulima hupenda alichokipanda. Hayo nayo ni mapendo, ila yana jasho.

Tena hofu ya msitu si ushirikina daima. Tangu Oktoba 1914 ilipopita miaka mia, yaani tangu Oktoba 2014, watu wengi wa Beni wameuawa, wengine katika mashamba yao wenyewe. Mama aliyeacha kakao yake ikioza mtini, kwa kuogopa njia ya shamba, utamwambiaje kwamba msitu ni mzazi?

Lakini tusijitetee kupita kiasi. Vilima vya Butembo vimejaa mikaratusi, mti uliotoka Australia. Hukua upesi, na ukikatwa huchipuka tena. Watupa nguzo, mbao, makaa, na kuni za kuchomea matofali. Ni mti mwema kwa mfuko. Ila kila mti una mwenyewe na bei yake. Uko wapi mti wa mpita njia? Uko wapi uwanja wenye kivuli, watoto wachezapo bila kufukuzwa?

Huko London bustani ya Hyde Park ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1637, na mpaka leo maskini na tajiri hupumzika humo. Lakini Wazungu, walipoitenga Parki Albert huku kwetu, waliwanyima wenyeji wengi mashamba na mawindo. Kwao bustani ya wote. Kwetu, mpaka wa kukatazwa. Ndiyo kusema hakuna taifa lililo na hekima yote katika jambo hili.

Kisomeni kitabu hiki, ndugu, wala msikasirike upesi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Turnbull alikosea kumhukumu mkulima, lakini ametukumbusha kwamba mti waweza kupendwa kabla haujahesabiwa mbao zake. Kila mtaa wa Butembo na Beni upande basi mti mmoja wa kivuli usiouzwa. Ukisimama miaka ishirini bila shoka kuugusa, tutakuwa tumemjibu Mwingereza yule vizuri kuliko kwa maneno.