Jarida la African Arts na vinyago vya Ruvuma

African Arts ni jarida la robo mwaka lililoanzishwa 1967 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Linaandika juu ya sanaa za Afrika, za jadi na za kisasa, likiambatanisha makala na picha zilizopigwa kwa uangalifu mkubwa.

Kwa watu wa Mtwara na bonde la Ruvuma, sifa yake kubwa ni kuuchukulia uchongaji wa Kimakonde kama sanaa hai. Wachongaji wengi walivuka mto huo kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, wakafika hadi Dar es Salaam. Huko, katika miaka ya 1950, Samaki Likankoa alichonga mashetani ya mpingo yaliyonunuliwa na mfanyabiashara Mohamed Peera, na mtindo ukaenea. Wajuzi wengi wa Ulaya waliyadharau: vitu vya watalii, walisema, kana kwamba kinyago kikiuzwa hupoteza roho.

Mwaka 1980 jarida lilichapisha makala ya Sidney Littlefield Kasfir kuhusu wachongaji hao na wanunuzi wao. Mwaka 1992 mwandishi huyohuyo alihoji humo humo dhana kwamba sanaa halisi ya Afrika ni ile ya kale tu. Hoja hiyo bado inasomwa vyuoni, na kwa haki.

Kasoro ya jarida ni lugha: makala huandikwa kwa Kiingereza, hivyo mchongaji wa Mtwara asiyekijua huambulia picha tu.